Kizingiti, Baraza na Mlangoni: Maneno ya Mlango Kutoka Pwani Hadi Nakivubo

Kila mwaka wanafunzi wetu wa somo la tafsiri hukutana na neno la Kiingereza doorstep, na kila mwaka majibu hugawanyika. Wapo wanaoandika kizingiti. Wapo wanaoandika baraza. Wengine huandika mlangoni, wengine ngazi ya mlango, na wachache huandika mlango tu wakapita kwenda sentensi inayofuata. Mwalimu mwenye rundo la karatasi za kusahihisha hushawishika kuchagua jibu moja na kuyakata mengine. Maoni yetu ni kwamba majibu manne ya kwanza yote yana haki yake, ila hayana haki mahali pamoja. Tena tunaona kwamba kulijadili neno hili dogo ni njia nzuri ya kupitia historia ya Kiswahili nchini Uganda, historia ambayo wanafunzi wengi wameisikia kwa vipande tu, na mara nyingi kwa vipande vichungu.

Tumechagua kulitazama jambo hili tukiwa Nakivubo. Msomaji asiyeifahamu Kampala aelewe kwamba Nakivubo ni bonde lililo katikati ya jiji, chini ya vilima vya Kampala ya Kale na Mengo. Hapo pana mtaro mkubwa unaobeba maji ya mvua ya jiji hadi Ziwa Viktoria, pana uwanja wa mpira ulioanza mwaka 1926, na pana soko la Mtakatifu Balikuddembe ambalo watu wote huliita Owino, lililofunguliwa mwaka 1971. Ni mahali ambapo maisha hufanyika nje ya mlango kuliko ndani yake. Kwa hiyo panafaa kwa mjadala wetu.

Tuanze na kitu chenyewe. Neno la Kiingereza limeunganisha mlango na kidato cha ngazi. Nyuma yake kuna nyumba ya namna fulani: nyumba iliyoinuliwa kidogo kutoka barabarani, yenye jiwe moja au vidato viwili mbele ya mlango. Katika miji ya viwanda ya kaskazini mwa Uingereza akina mama walikuwa wakilisugua jiwe hilo kila wiki, na mwenye jiwe chafu alisemwa na majirani. Chupa ya maziwa iliachwa juu yake. Mgeni alisimama juu yake akisubiri. Kwa kuwa kitu ni kimoja, neno moja lilitosha kwa kazi zote: pa kukanyaga, pa kusubiri, pa kukaa, na hata kwa mafumbo, kama vile kusema kwamba hatari imefika karibu.

Nyumba ya Mswahili wa pwani ilijengwa kwa mpango mwingine. Mlango wake una sehemu nyingi zenye majina: miimo miwili ya kusimama, mfaa katikati, bawaba, komeo, na vizingiti viwili, kimoja juu na kimoja chini. Kizingiti cha chini si ngazi. Ni mti uliolala chini, na katika milango mikubwa ya Zanzibar, Mombasa na Lamu ni mti ulioinuka, unaomlazimu anayeingia kuinua mguu. Hukikanyagi, unakivuka. Ndiyo maana tunasema mtu amejikwaa kwenye kizingiti lakini hatusemi kwamba muuza maziwa ameacha maziwa kwenye kizingiti. Mswahili angeshangaa: mbona ameyaweka mahali pa watu kupita?

Pa kukaa palikuwa pengine. Nje ya nyumba, ukutani, kulijengwa kiti kirefu cha mawe na chokaa, nacho ndicho baraza. Hapo mwenye nyumba aliwapokea wanaume wenzake, kahawa ikaletwa, habari za mji zikazungumzwa, na mgeni akaondoka bila kuingia ndani wala kuona faragha ya nyumba. Huko Lamu kulikuwa pia na daka, ukumbi mdogo wa mlangoni wenye viti vya mawe pande zote mbili. Kwa hiyo kazi ambayo Mwingereza ameipa jiwe moja, Mswahili ameigawa: kizingiti ni cha kuvuka, baraza ni la kukaa, ngazi ni ya kupanda ikiwa nyumba ina ngazi. Panapobaki mahali tu pasipo na kitu cha kutaja, hutumia kiambishi cha mahali, akasema mlangoni.

Kuhusu hilo la mwisho tungependa kusimama kidogo, kwa sababu ndipo wanafunzi wetu hupoteza alama. Mlangoni si neno moja, ni maneno matatu yaliyovaa nguo moja. Tunasema "mgeni amesimama mlangoni pangu" tukimaanisha pale hasa, mahali panapoonyeshwa kwa kidole. Tunasema "kuna mchanga mlangoni mwangu" tukimaanisha ndani ya ule upenyo, labda mlango haufungiki. Na tunasema "vita vimefika mlangoni kwetu" tukimaanisha upande wa kwetu, jirani, bila kuonyesha sehemu. Neno la Kiingereza haliwezi kutofautisha mambo haya matatu, na mwanafunzi anayefikiri kwa Kiingereza huandika "kwa" pote. Ajabu ni kwamba mwanafunzi huyohuyo, akiwa Mganda, nyumbani kwao husema ku mulyango akitaka kusema penye mlango, na mu mulyango akitaka kusema ndani ya upenyo wake. Hekima hiyo anayo tangu utotoni. Hajaambiwa tu kwamba anaruhusiwa kuja nayo darasani.

Na omulyango wa Kiganda ni nani kama si ndugu wa mlango wa Kiswahili? Maneno haya mawili hayakuazimana, yalizaliwa na mzazi mmoja wa Kibantu. Tofauti ni kwamba Kiganda kimehifadhi jambo ambalo Kiswahili sanifu kimelilegeza: omulyango ni upenyo wa kupita, na ule ubao unaofungwa ni oluggi. Sisi huita vyote mlango, na tukibanwa tunasema ubao wa mlango. Mbele zaidi, kwa Wanyarwanda na Warundi, umuryango ni upenyo wa nyumba na pia ni familia au ukoo, watu waliotoka katika mlango mmoja. Waswahili wa pwani nao hutumia mlango kwa maana ya tumbo la ukoo. Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa Kinyarwanda huitwa Umuryango, na mwenzetu mmoja kutoka Kigali hupenda kututania kwamba sisi tuna jumuiya wakati wao wana mlango.

Sasa tutoke pwani. Wafanyabiashara wa Kiarabu na Waswahili walifika katika ikulu ya Buganda wakati wa Kabaka Suuna II, na mwaka unaotajwa kwa kawaida kwa Ahmed bin Ibrahim ni 1844. Walileta nguo, bunduki na shanga, wakatafuta pembe na watumwa. Tusilifiche hilo kwa wanafunzi wetu, kwa maana lugha yetu ilisafiri katika misafara hiyohiyo. Pamoja na bidhaa walileta dini, maandishi, na namna ya kujitambulisha wanapofika kwa mtu.

Kisa cha mwaka 1862 kinaonyesha vizuri jinsi Kiswahili kilivyokaa mlangoni pa Buganda, si kwa fumbo tu. Mwezi Februari mwaka huo Mwingereza John Hanning Speke alifika kwa Kabaka Muteesa I, ambaye ikulu yake ilikuwa kilima cha Banda. Akaambiwa asubiri nje, akae chini kama walivyozoea kukaa wafanyabiashara wa Kiarabu wanaosubiri kuitwa. Speke alikataa. Alisubiri kidogo juani, kisha akageuka na kurudi alikofikia, na watumishi wa ikulu wakamkimbilia kumbembeleza, hata akaruhusiwa kuja na kiti chake. Vitabu vya historia hupenda kisa hiki kwa sababu ya kiburi chake. Sisi walimu wa lugha tunakipendea jambo lingine. Maneno ya Speke hayakumfikia Kabaka moja kwa moja. Yeye alizungumza Kihindustani na Sidi Mubarak Bombay, Bombay akazungumza Kiswahili na Nasib, na Nasib ndiye aliyesema Kiganda. Kiswahili kilikuwa katikati, kikipokea huku na kukabidhi kule, bila kuwa lugha ya mgeni wala ya mwenyeji. Waliokisema, akina Bombay na Nasib, hawakupewa kiti.

Muteesa mwenyewe hakukiacha Kiswahili nje. Alijifunza kusoma kwa hati za Kiarabu, na wamisionari wa kwanza wa Kiingereza walipofika mwaka 1877, na Alexander Mackay akawafuata mwaka 1878, vitabu walivyovitumia kufundishia vilikuwa vya Kiswahili, vile alivyovitafsiri Askofu Edward Steere huko Zanzibar. Injili ya Kiganda ilikuja baadaye. Kwa miaka michache, msomaji wa Buganda, awe wa Kurani au wa Injili, aliingia katika kusoma kwa kupitia Kiswahili.

Mwishoni mwa mwaka 1890 Kapteni Lugard alipanda kilima tunachokiita leo Kampala ya Kale na kujenga ngome yake, akiwa na askari na wapagazi wa Kisudani na wa Kiswahili. Kabaka Mwanga alikuwa Mengo. Bonde likawa katikati: upande huu Kampuni na bunduki zake, upande ule Kabaka na watu wake. Tarehe 24 Januari 1892 bunduki hizo zilitumika katika vita vya Mengo. Kisha mji ukakua kwa namna ileile ya pande mbili, mji wa kikoloni kwenye vilima vyake na Kibuga, mji mkuu wa Kabaka, kwenye vya kwake. Kila mmoja ulikuwa na utawala wake, hadi Mengo ilipounganishwa na Kampala mwaka 1968. Aliyetoka upande mmoja kwenda mwingine alishuka bondeni kwanza. Watu walikutana huko chini, na huko chini, Kisenyi na Nakivubo, ndiko Kiswahili kilikopata wasemaji: wapagazi walioacha kazi, Wanubi, Waislamu, wachuuzi, na watu wa makabila mbalimbali waliokuja kutafuta riziki na kuhitaji lugha ya kuuliza bei.

Turudi kwenye maneno. Ni maneno gani ya mlangoni ambayo Kiganda kilichukua kutoka Kiswahili, na ni yapi hakikuyachukua? Mlango hakikuuhitaji, kilikuwa na wake. Kizingiti hakikukichukua. Lakini kilichukua baraza, kikaliita olubalaza, na wingi wake embalaza. Kilichukua dirisha, likawa eddirisa. Kilichukua duka, likawa edduuka. Na kilichukua hodi na karibu.

Orodha hii fupi ina mafunzo mengi kwa darasa la fonolojia. Angalia kwamba r ya baraza imekuwa l, ilhali r ya dirisha imebaki. Kanuni ya Kiganda ni kwamba r huja baada ya i au e tu, kwingineko ni l. Kwa hiyo baraza, yenye a kabla ya r, haikuwa na njia ila kuwa balaza, na karibu pia husikika kalibu vinywani mwa wengi. Sauti sh haimo, ndiyo maana dirisha ikatoka na s. Nayo h haina nafasi katika alfabeti ya Kiganda, hivyo hodi ikawa koodi. Ngeli nazo zimefanya kazi yake: baraza la Kiswahili ni la ji-ma, mabaraza, lakini Kiganda kililitia katika ngeli ya olu-, ngeli ya vitu virefu, na kwa kweli baraza la mbele ya nyumba ni kitu kirefu. Tunaona hapa sikio la kijenzi, si la kuazima ovyo.

Kwa upande wa historia, orodha inasema jambo jingine. Kiganda kilichukua majina ya vitu vilivyokuja na nyumba mpya. Nyumba ya zamani ya Kiganda ilikuwa ya mviringo, ya nyasi kutoka kileleni hadi karibu na ardhi, haina dirisha. Nyumba ya pembe nne yenye madirisha, na baadaye duka la bati lenye kivuli mbele, ilikuja na majina yake. Hata maana ilisogea. Olubalaza wa Kampala si kiti cha mawe. Ni ile sehemu ya mbele ya duka iliyo chini ya paa, penye sakafu ya saruji, ambapo fundi cherehani huweka mashine yake na mchuuzi hutandaza soksi. Mwanafunzi wa Kampala anapoandika baraza kama tafsiri ya doorstep, si kwamba amekosea kamusi. Anaandika kile anachokiona kila siku.

Neno hodi linastahili aya yake. Pwani, mtu hupiga hodi kabla ya kuvuka kizingiti, na adabu ya Kiislamu inamfundisha asizidishe mara tatu: asipojibiwa, arudi zake. Hodi si swali wala salamu. Ni sauti inayoomba ruhusa na kumpa mwenye nyumba nafasi ya kujiweka sawa. Jibu lake ni karibu, na bila jibu hilo mguu hauinuki. Kampala yote inafanya hivyo. Mtu anayekuambia kwa dhati kwamba hajui hata neno moja la Kiswahili, wala hataki kulijua, jioni hiyohiyo atasimama mbele ya mlango wa dada yake na kusema "koodi!", na kutoka ndani atajibiwa "kalibu!". Ukimwambia kwamba amezungumza Kiswahili atakataa. Atasema hicho ni Kiganda, na kwa sasa yuko sahihi.

Lakini kwa nini aseme hataki kulijua? Hapa ndipo historia inapokuwa nzito, na tunaomba walimu wenzetu wasiiruke. Gavana William Gowers alipopendekeza mwaka 1927 kwamba Kiswahili kipewe nafasi kubwa katika elimu na utawala wa Uganda, upinzani ulikuwa mkali. Kabaka Daudi Chwa aliupinga mpango huo, wakuu wa makanisa pia. Wakati huo kulikuwa na mazungumzo ya kuziunganisha Kenya, Uganda na Tanganyika chini ya serikali moja, na Waganda waliona Kenya jinsi ardhi ilivyochukuliwa na walowezi. Kwao Kiswahili kilikuwa mguu wa kwanza wa muungano huo kuingia ndani. Mwaka 1931 Serwano Kulubya alikwenda London kutoa ushahidi wa Buganda dhidi ya muungano. Tukiwasoma leo bila haraka, hatuoni watu walioichukia lugha kwa upumbavu. Tunaona watu waliokuwa wakilinda mlango wao, na lugha ndiyo iliyokuwa imesimama nje siku hiyo.

Kiswahili kikabaki kwa askari. Kilitumika jeshini na polisi, na raia alikisikia pale alipokutana na sare. Idi Amin alipotangaza mwaka 1973 kuwa Kiswahili ni lugha ya taifa, tangazo lilikipa lugha hii heshima juu ya karatasi na kukipaka rangi ya utawala wake. Kwa wengi wa Kampala waliokuwa hai miaka hiyo, neno la Kiswahili walilolisikia mlangoni usiku halikuwa hodi. Lilikuwa fungua. Kampala ilipoanguka mikononi mwa majeshi ya Tanzania na wapiganaji wa Uganda tarehe 11 Aprili 1979, Kiganda kilipata neno jingine, bakomboozi, kutokana na wakombozi, na kwa muda mfupi Kiswahili kilishangiliwa barabarani. Halafu zikaja operesheni za miaka ya mwanzo ya 1980, watu wakikusanywa na askari na kupandishwa kwenye malori, nazo zikabaki katika kumbukumbu kwa jina la Kiswahili: panda gari.

Tumetaja maneno haya, fungua na panda gari, kwa sababu kisarufi ni maneno mepesi kabisa. Ni vitenzi viwili vya kuamuru, vya somo la juma la kwanza. Mwalimu huviandika ubaoni bila kufikiri: fungua mlango, panda gari, kaa chini. Mwanafunzi wa miaka kumi na tisa hucheka na kuiga. Bibi yake, akimsikia akifanya zoezi nyumbani, huenda asicheke. Wanafunzi wetu kadhaa wametueleza hivyo. Hatusemi vitenzi hivyo viondolewe, haviondoleki. Tunasema kwamba kuna fomu ya adabu, naomba ufungue, tafadhali fungua, ungefungua, na kwamba katika Uganda kuna sababu ya kihistoria ya kuitanguliza. Mwalimu aliyesoma Dar es Salaam au Nairobi hana budi kuambiwa hili, maana vitabu alivyokuja navyo havikuandikwa kwa ajili ya nyumba hizi.

Mambo yamebadilika tangu hapo. Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yalikifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili ya Uganda. Mwaka 2019 Baraza la Mawaziri liliidhinisha kuundwa kwa Baraza la Kiswahili la Taifa, na Julai 2022 likaidhinisha Kiswahili kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Tazama kiti kile cha mawe cha pwani kilivyosafiri: wanaoamua ni baraza, wanachokiunda ni baraza, na tangu mwaka 2009 mikutano ambapo wananchi wa wilaya za Uganda huwauliza viongozi wao matumizi ya fedha za umma nayo imeitwa baraza. Wakati huohuo chini Nakivubo olubalaza bado ni mahali pa soksi na mashine za cherehani. Mara kwa mara baraza moja huligusa jingine. Mwezi Januari 2022 Mamlaka ya Jiji la Kampala iliwaondoa wachuuzi barabarani na kwenye embalaza za maduka. Miaka mitano kabla, Februari 2017, soko la Park Yard lililokuwa kando ya uwanja wa Nakivubo lilivunjwa. Wachuuzi wengi wa jioni, wanaotandaza bidhaa chini pembeni mwa njia, wanaitwa kwa Kiganda toninnyira mu kange, yaani usinikanyagie changu. Sijui kama kuna lugha nyingine iliyotoa jina la soko kutoka katika kilio cha mtu aliyekaa mbele ya mlango wa mwingine, sisi hatujaikuta.

Imebaki kizingiti, neno ambalo Kiganda hakikulichukua. Msomaji wa magazeti ya Kiswahili leo atalikuta zaidi katika kurasa za siasa na michezo kuliko katika nyumba. Timu imeshindwa kuvuka kizingiti cha robo fainali, lugha fulani ni kizingiti kwa maendeleo, wafanyabiashara wanalalamikia vizingiti mpakani. Vijana wengi hulijua kama kisawe cha kikwazo na hawajui kwamba ni sehemu ya mlango. Matumizi haya hatuyakatai, lugha hai husogea. Lakini tunasikitika kidogo, kwa sababu kikwazo hukuzuia usipite, ilhali kizingiti cha nyumba kimewekwa mahali pa kupitia. Kinachozuiwa nacho ni kingine: vumbi, mchanga, wadudu, na zaidi ya yote maji.

Maana hii ya maji ni ya zamani. Kizingiti pia ni boma linalokinga mto, au ukingo wa mwamba unaozuia mkondo, na wavuvi hulijua kama kizuizi cha kutegea samaki. Nakivubo imeirudisha maana hiyo nyumbani bila kutuuliza walimu. Mvua kubwa zikinyesha juu ya vilima, maji yote huteremka bondeni. Mtaro ulipanuliwa na kujengwa upya mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwa mkopo wa Benki ya Dunia, lakini taka huuziba, mji umezidi kujaa saruji, na vinamasi vilivyokuwa vikinyonya maji kabla hayajafika ziwani vimepungua. Maji huingia madukani na katika vyumba vya kupanga. Katika sehemu za chini za Kampala wapangaji wamejenga mlangoni ukuta mfupi wa matofali na saruji, wa kiasi cha kufika kwenye muundi wa mguu, wengine hadi karibu na goti. Anayeingia huinua mguu. Mtoto hubebwa. Mzee hupewa mkono. Mama mwenye ndoo hupumzika kwanza, huitua ndani, kisha huvuka mwenyewe.

Kitu hicho kwa Kiswahili kinaitwaje? Si ngazi, kwa sababu hakipandishi popote. Si baraza, hakikaliki, na mahali pengi Uganda kama pwani mtoto hukaripiwa akikaa mlangoni, na mjamzito huambiwa asisimame hapo asije akapata shida ya kujifungua. Ni kizingiti, kwa maana zake zote mbili kwa pamoja, cha mlango na cha maji. Mti wa mvule au msaji wa Zanzibar umekuwa saruji ya Kampala, lakini mguu unafanya tendo lilelile.

Kwa walimu watakaopenda kulitumia somo hili, sisi huwapa wanafunzi sentensi tano bila kuwapa neno. Mletaji maji ameacha madumu, wapi? Fundi cherehani ameweka mashine, wapi? Maji ya mvua yamezuiwa na nini? Mgeni alijikwaa kwenye nini alipokuwa akiingia? Uvumi wa kufukuzwa umefika, wapi? Kisha tunawaagiza waandike pia jinsi wanavyosema nyumbani kwao, kwa Kiganda, Kisoga, Kinyankore, Kiacholi au lugha yoyote waliyo nayo, na waeleze ni nini mgeni husema kabla ya kuvuka. Mwaka jana sentensi ya tano ndiyo iliyoleta mabishano marefu zaidi. Wengi waliandika mlangoni pao, wachache mlangoni kwao, na mmoja, ambaye mama yake huuza nguo za mitumba Owino, aliandika mlangoni mwao, akasisitiza kwamba uvumi huo haukusimama nje, ulikuwa umekwisha kuingia katika upenyo. Tulimpa alama zote.